Hitilafu Iliyojitokeza Tarehe 13: Namna Ninavyosaka Makosa ya Mpangilio wa Tarehe katika Kanzidata

Tangu Jumatano ya tarehe 1 Machi 2023 hadi Jumamosi ya tarehe 11, mfumo ulipokea kila ulichopewa. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 13, ulikataa kuhifadhi rekodi ya kwanza ya siku hiyo, ukakataa ya pili, na kila aliyejaribu tena alirudishiwa ujumbe uleule uliosema kwamba thamani ya tarehe imevuka mipaka yake. Ulikuwa mfumo wa kuazimisha vitabu katika maktaba, wenye kanzidata, yaani hifadhi ya rekodi, inayoendeshwa na programu ya PostgreSQL, nami ndiye niliyekuwa nikiuhudumia. Sehemu ya tarehe sikuwa nimeigusa kwa miaka, kwa kuwa haikuwahi kunipa sababu ya kuigusa.

Swali la kwanza lililonijia ni lile linalomjia karibu kila mtu: kumeharibika nini mwishoni mwa wiki? Nilipoteza saa nzima nikilifuata swali hilo. Nilikagua nafasi iliyobaki kwenye diski, nikapitia masasisho ya seva ya siku mbili zilizopita, nikaanzisha upya huduma, nikasoma mabadiliko ya mwisho ya msimbo mstari kwa mstari. Hakukuwa na kitu kilichoharibika mwishoni mwa wiki. Nilianza kupata mwanga nilipojiuliza swali jingine, yaani tarehe 13 ina nini ambacho tarehe zote zilizoitangulia hazina. Likiulizwa hivyo, jibu linaonekana mara moja: 11 inaweza kuwa namba ya mwezi, na 13 haiwezi.

Fomu ya kuazimisha ilikuwa na uga (kisanduku cha kujaza) wa kawaida wa maandishi ambamo mhudumu aliandika tarehe kwa kuanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka, yaani 13/03/2023. Msimbo uliyachukua maandishi hayo kama yalivyo na kuyachomeka ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata, ukaiachia kanzidata kazi ya kuyafasiri. PostgreSQL ina mpangilio uitwao DateStyle, ambao huamua namna ya kusoma maandishi yenye utata wa namna hiyo, na thamani yake ya asili ni ISO, MDY, maana yake mwezi hutangulia siku. Seva yetu ya zamani ilikuwa imesimikwa kwa mipangilio ya eneo linalotanguliza siku, kwa hiyo ilisoma DMY, yaani siku kwanza. Tarehe 28 Februari tulihamia seva mpya iliyosimikwa kwa mipangilio ya Marekani, na kuanzia hapo maandishi yaleyale, yakipita katika msimbo ambao haukubadilika hata herufi moja, yakaanza kusomwa kinyume.

Kwa hiyo hitilafu ya tarehe 13 ilikuwa taarifa sahihi iliyochelewa kufika. Uharibifu ulikuwa umeanza siku ya kwanza ya mwezi, na ulikuwa umehifadhiwa kwa mafanikio.

Hesabu yake ni rahisi, na ningependa kila anayeshughulika na tarehe aifanye walau mara moja kwa mkono wake. Kila mwezi una siku 12 ambazo namba yake inaweza pia kusomwa kama mwezi, na kwa miezi 12 hizo ni siku 144. Kati ya hizo, 12 hazidhuriki kwa kugeuzwa, kwa maana 03/03 ikigeuzwa inabaki 03/03. Zinabaki siku 132 katika mwaka ambazo zikisomwa kinyume zitahifadhiwa bila lalamiko lolote, zikiwa na maana isiyo yake. Siku 221 zilizosalia katika mwaka wa siku 365 ndizo zitakazokataliwa. Anayeona hitilafu na kuisahihisha kwa kutazama zile 221 peke yake anaacha nyuma zaidi ya theluthi moja ya mwaka ikiwa na tarehe za uongo ndani ya jedwali.

Dalili zilikuwepo kabla ya tarehe 13. Kitabu kilichoazimwa tarehe 1 Machi kilihifadhiwa kana kwamba kimeazimwa tarehe 3 Januari. Muda wa kukaa na kitabu ulikuwa siku 14 na ulikokotolewa na kanzidata yenyewe, kwa hiyo siku ya mwisho ya kukirudisha ikawa 17 Januari, na mfumo ukamwandikia msomaji taarifa ya faini ya kuchelewa kabla hata hajakifungua kitabu. Msomaji mmoja alirudi nayo dirishani, mhudumu akadhani ameandika vibaya, akairekebisha rekodi kwa mkono na kumwomba radhi. Habari hiyo haikunifikia, na kosa hapo ni langu, kwa sababu sikuwa nimewawekea wahudumu njia yoyote nyepesi ya kunieleza jambo dogo lisilo la kawaida. Vitabu vilivyoazimwa kuanzia tarehe 4 vilihifadhiwa kwa tarehe za Aprili na kuendelea, na tarehe iliyo mbele haimtumii mtu faini, kwa hiyo hivyo havikulalamikiwa na yeyote.

Kabla sijaeleza namna ninavyolisaka kosa la aina hii siku hizi, ni lazima niseme kitu kimoja ambacho kwangu ndicho kiini cha suala zima. Tarehe iliyomo ndani ya safuwima (safu ya wima ya jedwali) ya aina ya tarehe haina mpangilio. Haina mkwaju, haina kistari, haina siku iliyotangulia wala mwezi uliofuata. PostgreSQL huihifadhi kwa baiti 4 kama hesabu ya siku kuanzia tarehe 1 Januari 2000, na kile tunachokiona kwenye skrini ni maandishi yaliyotengenezwa wakati wa kuonyesha. Mpangilio ni jambo la mlangoni, pale maandishi yanapoingia na kugeuzwa tarehe, au pale tarehe inapotoka na kugeuzwa maandishi. Nimesaidia watu wengi waliouliza watawezaje kuhifadhi tarehe ndani ya kanzidata kwa mpangilio wa siku, mwezi na mwaka, na karibu kila mara kazi ya kwanza ilikuwa kulivua swali hilo dhana hiyo. Wapo waliolijibu kwa kuibadilisha safuwima iwe ya maandishi matupu. Hitilafu hutoweka papo hapo, ni kweli, lakini kuanzia hapo kupanga rekodi kwa tarehe kutaweka 01/12 kabla ya 02/01, kutafuta rekodi za kati ya siku mbili hakutawezekana bila kuigeuza kila safumlalo, yaani kila rekodi ya jedwali, na tarehe 31 Februari itapokelewa bila kuulizwa.

Sasa nikipokea taarifa ya hitilafu ya tarehe, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni maandishi halisi yaliyoifikia kanzidata. Sitafuti maandishi ninayodhani yamefika, wala yale yanayoonekana kwenye fomu. Thamani moja hupita vituo vitatu, yaani kivinjari, programu na kanzidata, na katika kila kituo inaweza kubadilishwa umbo bila mtu kutambua. Mfano mzuri ni uga wa HTML wa aina ya tarehe: humwonyesha mtumiaji mpangilio wa eneo lake, pengine siku kwanza, pengine mwezi kwanza, lakini thamani inayotumwa huwa daima katika umbo la mwaka, mwezi na siku, kama 2023-03-13. Mtu anayeangalia skrini ataapa kwamba programu inapokea 13/03/2023, ataandika msimbo wa kuigeuza, na msimbo huo ndio utakaoleta hitilafu. Kwa sababu hiyo mimi huandika kwenye kumbukumbu za seva thamani iliyopokelewa pamoja na aina yake ya data, kisha amri iliyotumwa kwa kanzidata pamoja na thamani zake, na mara nyingi kazi huishia hapo.

Kituo cha tatu hukaguliwa kwa kuiuliza kanzidata yenyewe. Katika PostgreSQL amri SHOW datestyle hutoa jibu kwa neno moja au mawili, na ni muhimu kuitoa kupitia muunganisho uleule unaotumiwa na programu, kwa kuwa mpangilio huo unaweza kutofautiana kati ya seva, kanzidata, mtumiaji na hata kikao kimoja cha mawasiliano na kanzidata. Mimi mwenyewe niliitoa kwanza kutoka kwenye kompyuta yangu, ambako ilikuwa imewekwa DMY, nikahitimisha kimakosa kwamba seva haina tatizo.

Ujumbe wa hitilafu wenyewe unastahili kusomwa polepole, maana kila kanzidata ina namna yake ya kusema. PostgreSQL ikisema thamani imevuka mipaka, msimbo 22008, inamaanisha umbo la tarehe imelitambua lakini namba mojawapo haiwezekani, na huongeza dokezo kwamba huenda DateStyle tofauti inahitajika. Ikisema muundo wa ingizo si sahihi, msimbo 22007, haikulitambua umbo kabisa, na sababu ninayokutana nayo mara nyingi ni uga uliotumwa ukiwa mtupu. Maandishi matupu na kutokuwa na thamani ni vitu viwili mbele ya PostgreSQL, kwa hiyo uga wa tarehe usiojazwa lazima ugeuzwe kuwa NULL, yaani kutokuwa na thamani, kabla ya kutumwa. Oracle, kanzidata nyingine, kwa upande wake huyachukulia maandishi matupu kuwa ni NULL, na ndiyo maana programu inayohamishwa kutoka Oracle kwenda PostgreSQL huanza kulalamika mahali ambapo hapakuwa na lalamiko.

MySQL, nayo kanzidata nyingine, hutoa msimbo 1292 pamoja na thamani iliyoikataa, na thamani hiyo ndiyo ya kuangaliwa kabla ya kitu kingine. Yenyewe hutanguliza mwaka siku zote na haina mpangilio wa kuigeuza isome siku kwanza. Anayetaka kuipa 13/03/2023 ni lazima aipitishe kwenye STR_TO_DATE pamoja na '%d/%m/%Y'. Ukiona katika ujumbe thamani iliyokataliwa ni 2007, wakati uliyoandika ni 2023-03-13, usianze kutafuta uharibifu wa data. Alama za nukuu zimesahaulika, na kanzidata imefanya hesabu ya kutoa: 2023 kutoa 3 kutoa 13. Kosa hilohilo katika safuwima ya aina ya datetime ndani ya SQL Server, kanzidata ya Microsoft, halitoi hitilafu yoyote, kwa sababu namba nzima huchukuliwa kuwa ni idadi ya siku tangu tarehe 1 Januari 1900, na rekodi yako itahifadhiwa ikiwa na tarehe 1 Julai 1905. Kabla ya toleo la 5.7 la mwaka 2015, MySQL haikuwa na ukali huu kwa mpangilio wake wa asili. Tarehe isiyowezekana ilihifadhiwa kama 0000-00-00 pamoja na onyo ambalo programu nyingi hazikulisoma, na mifumo ya umri huo bado imejaa sifuri hizo, ambazo hulipuka siku data inapohamishiwa kwingine.

Jambo lililonishangaza zaidi nilipoanza kufanya kazi na SQL Server ni kwamba hata umbo la 2023-03-13, ambalo wengi wetu tunaliona kuwa salama popote kwa kuwa linafuata kiwango cha ISO 8601 kilichotolewa kwanza mwaka 1988, si salama humo kwa safuwima ya aina ya zamani ya datetime. Kikao kikiwa kimewekwa kwa lugha inayotanguliza siku, kanzidata husoma mwaka, kisha siku, kisha mwezi, ikakataa tarehe 13 Machi na kuigeuza tarehe 4 Machi kuwa 3 Aprili bila kusema neno. Umbo lisilo na vistari, 20230313, husomwa vilevile kwa lugha yoyote, na aina mpya za date na datetime2 hazina udhaifu huo. Aina hiyo ya datetime pia haipokei tarehe iliyotangulia 1 Januari 1753, jambo linalowapata watumiaji wa .NET, jukwaa la Microsoft la kuundia programu, pale tarehe isiyojazwa inapobaki na thamani yake ya asili ya 0001-01-01.

Oracle nitaigusa kwa ufupi. ORA-01843 inasema mwezi si halali, na ORA-01861 inasema maandishi hayalingani na umbo lililotajwa. Zote mbili huondoka ukitumia TO_DATE ukiwa umeandika umbo kamili, badala ya kutegemea mpangilio wa kikao uitwao NLS_DATE_FORMAT. Kumbuka tu kwamba humo MM ni mwezi na MI ni dakika. SQLite haina aina ya tarehe kabisa: hupokea maandishi yoyote, kwa hiyo kimya chake kisichukuliwe kuwa ni uthibitisho wa lolote.

Mkanganyiko wa mwezi na dakika unastahili nafasi zaidi, kwa kuwa unafanana sana na ugonjwa wetu wa tarehe 13. Katika SimpleDateFormat, zana ya lugha ya Java ya kuandika na kusoma tarehe, MM kubwa ni mwezi na mm ndogo ni dakika. Mtu akiandika yyyy-mm-dd, rekodi ya tarehe 13 Machi iliyoandikwa saa 4 na dakika 45 asubuhi itatoka ikiwa 2023-45-13 na kukataliwa, lakini ile iliyoandikwa saa 4 na dakika 7 itatoka ikiwa 2023-07-13 na kupokelewa vizuri kabisa. Hitilafu inayotokea na kutoweka kwa namna hiyo huwachosha watu kwa wiki nzima, wakiushuku mtandao, mzigo wa seva au watumiaji wenyewe. Herufi YYYY kubwa ni mtego wa aina nyingine, kwa kuwa humaanisha mwaka wa kalenda ya wiki: tarehe 31 Desemba 2018 ikiandikwa kwa YYYY hutoka ikiwa 2019-12-31. Kosa hilo hulala karibu mwaka mzima na kuamka katika siku chache za kuaga na kuukaribisha mwaka, wakati watu wengi wako mapumzikoni.

Katika lugha ya PHP, amri ya strtotime, inayogeuza maandishi kuwa tarehe, huamua kwa kuangalia alama. Ikiona mikwaju husoma mwezi kwanza, ikiona vistari husoma siku kwanza. Kwa hiyo 05/03/2023 huwa tarehe 3 Mei, na 05-03-2023 huwa tarehe 5 Machi. Ikipewa 13/03/2023 hushindwa na kurudisha false, na programu ikiipeleka false hiyo moja kwa moja kwenye amri ya date hupata 1970-01-01, tarehe halali kabisa ambayo kanzidata haina sababu ya kuikataa. Nikiona tarehe 1 Januari 1970 ndani ya jedwali lolote, mahali pa kwanza ninapopatafuta ni ugeuzaji ulioshindwa na ambao matokeo yake hayakukaguliwa.

Lugha ya JavaScript ina hila yake. Miezi huhesabiwa kuanzia 0, kwa hiyo new Date(2023, 2, 13) ni tarehe 13 Machi, saa 6 usiku, kwa saa za mahali ilipo kompyuta. Mahali hapo pakiwa mbele ya UTC, saa ya rejea ya dunia, kwa saa 3, amri ya toISOString itaiandika kwa UTC kuwa 2023-03-12T21:00:00.000Z, na programu inayokata herufi 10 za mwanzo na kuzituma kwenye kanzidata itakuwa imehifadhi siku ya jana. Hapa mpangilio uko sahihi na tarehe si sahihi, jambo linalowapoteza wengi kwa sababu macho yao yanatafuta mikwaju na vistari. Siku ya kuzaliwa, siku ya kuazima kitabu au siku ya mwisho ya kulipa ni siku ya kalenda isiyo na saa, na ninashauri isipitishwe kabisa kwenye kitu chenye saa na ukanda wa saa ndani yake. Vivyo hivyo kwa aina ya TIMESTAMP ya MySQL, ambayo hugeuzwa kwenda UTC na kurudi kwa kufuata ukanda wa kikao, na ambayo haiwezi kuvuka tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 kwa UTC. Anayeandika humo 2099-12-31 kumaanisha kwamba kitu hakina mwisho atakataliwa.

Nirudi kwenye tiba. Siku ile ya tarehe 13 huduma ya kwanza ilikuwa kuiwekea kanzidata DateStyle ya DMY kwa amri ya ALTER DATABASE. Amri hiyo huvihusu vikao vipya pekee, kwa hiyo hitilafu iliendelea hadi nilipoifunga miunganisho iliyokuwa imewekwa akiba na programu. Nalitaja hili kwa sababu nilikaribia kuamini kwamba utambuzi wangu ulikuwa na kasoro. Kazi dirishani ikaendelea. Hata hivyo siichukulii hatua hiyo kuwa ni tiba, kwa maana inaiacha maana ya data yetu mikononi mwa mpangilio wa seva, na seva itahamishwa tena.

Tiba ilikuwa kuyageuza maandishi mara moja tu, mlangoni mwa programu, kwa umbo lililotajwa waziwazi, na kuyakataa pale pale yasipolingana nalo. Baada ya hapo ndani ya programu hubaki kitu cha aina ya tarehe, na hicho ndicho kinachokabidhiwa kwa kanzidata kupitia parameta za amri, bila kuunganisha maandishi kwa mkono. Dereva wa kanzidata, yaani kiunganishi kati yake na programu, ndiye anayejua namna ya kumwelewesha mwenzake, na kwa kuwa hakuna tena maandishi yenye utata yanayosafiri, DateStyle haina neno la kusema kuhusu jinsi tarehe inavyosomwa. Uga wa fomu niliubadilisha uwe wa aina ya tarehe. Pale ambapo ugeuzaji hauna budi kufanyika ndani ya SQL, kwa mfano wakati wa kupakia faili la mtu mwingine, mimi hutumia to_date pamoja na 'DD/MM/YYYY'. Katika matoleo ya PostgreSQL yaliyotangulia la 10, to_date ilikuwa ikiipokea hata siku ya 40 ya mwezi na kuisogeza mbele kimyakimya, kwa hiyo kwenye seva za zamani matokeo yake yanahitaji kukaguliwa. Faili lililotoka kwenye lahajedwali nalo likiwa na namba kama 44998 mahali pa tarehe, hiyo ni hesabu ya siku ya Excel, na inamaanisha 13 Machi 2023.

Majaribio ya programu yetu yalikuwa yakitumia tarehe 1 Januari. Ni tarehe mbaya kuliko zote kwa kazi hiyo, maana inapita ikisomwa kwa upande wowote. Sasa kila jaribio lina siku iliyozidi 12 ili ikataliwe mpangilio ukikosewa, na jingine lina siku isiyozidi 12 isiyolingana na mwezi wake, ambalo baada ya kuhifadhi huisoma tena rekodi na kuilinganisha na ilivyoingia.

Ilibaki data iliyokwisha kuharibika, na hiyo ndiyo iliyonichukua siku tatu. Nilichukua nakala rudufu, kisha nikazinakili safumlalo zote zilizoingia tangu tarehe 28 Februari katika jedwali la pembeni na kuzihesabu kwa tarehe ya kuazima. Mchoro wa kosa ulionekana wazi: maazimo ya tarehe 3 Januari, 3 Februari, 3 Machi, 3 Aprili, kisha 3 Juni na kuendelea hadi 3 Novemba, kila mwezi siku moja ileile ya 3, kwa kuwa kila mhudumu alikuwa ameandika mwezi wa 03. Mei haikuwepo kwa sababu tarehe 5 Machi ilikuwa Jumapili na maktaba ilifungwa.

Isingefaa kuzigeuza zote kwa pamoja, maana baadhi zilikuwa zimekwisha kurekebishwa kwa mkono na wahudumu, na kuzigeuza kungekuwa kuziharibu upya. Kilichonisaidia ni safuwima ya muda wa kuundwa kwa rekodi, iliyojazwa na saa ya seva yenyewe na ambayo haikuwahi kupita kwenye maandishi yoyote. Pale tarehe ya kuazima ilipolingana na siku ya kuundwa, niliiacha. Pale ambapo kuigeuza kwa make_date, siku ikichukua nafasi ya mwezi na mwezi nafasi ya siku, kuliifanya ilingane na siku ya kuundwa, niliigeuza. Rekodi zilizoandikwa siku kadhaa baada ya kitabu kutoka zilihitaji hoja ya ziada: tarehe iliyokuwa mbele ya siku ya kuundwa haikuwezekana, kwa hiyo hizo nazo ziligeuzwa. Kila hatua niliifanya ndani ya muamala mmoja, yaani kundi la amri linalothibitishwa au kufutwa kwa pamoja, na kuhesabu safumlalo kabla ya kuuthibitisha. Siku za mwisho za kurudisha zikakokotolewa upya, na taarifa za faini zilizotoka kimakosa zikafutwa, kila aliyepokea mojawapo akiandikiwa kuelezwa.

Safumlalo 7 zilikataa hoja zote. Zilikuwa zimeingizwa kwa kuchelewa, baadhi zikisema 3 Februari na nyingine 2 Machi, na kwa kila moja tarehe zote mbili ziliwezekana. Hakuna amri ya SQL ambayo ingeweza kuamua. Mhudumu mmoja ndiye aliyekumbuka karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada la kila kitabu, ambapo siku ya kuazima hugongwa muhuri wenye jina la mwezi kwa herufi. Vitabu 6 vilikuwa vimekwisha kurudi, tukavitoa rafuni na kuvisoma kimoja kimoja. Cha saba kilikuwa bado mikononi mwa msomaji, na muhuri wake ulipofika dirishani Alhamisi ya wiki hiyo ulisomeka tarehe 2 Machi. Mhudumu aliisahihisha rekodi, akaandika siku ya kurudishwa, na safuwima ikapokea 2023-03-16.